Kitanzi cha Bondeni

Kamanda Mwakio aliingia chumba cha udhibiti bila kumsalimia mtu. Alitupa kipande cha waya juu ya meza ya Nakiru, waya mnene kama kidole gumba, ganda lake limeyeyuka na kuganda tena kama nta.

"Umetoka njia ya ukingo," alisema. "Unapita juu ya ukuta na kushuka Bondeni. Nieleze, injinia. Waya ambao upande wake wa pili hauna watu unaunguzwa na nini?"

"Na mkondo, afande."

"Mkondo wa nani?"

Mafundi waliokuwa mbele ya mitambo waliinamisha vichwa. Mji mzima ulikuwa na jibu la swali hilo. Ugonjwa wa mapafu ulipozuka, Nakiru akiwa bado msichana wa shule, Baraza la mji wa Ukingo lilijenga ukuta juu ya mteremko na kuufunga mtaa wa Bondeni pamoja na watu wake. Baadaye likatangaza kwamba huko chini hakuna aliyebaki hai. Lakini waya wa ukingo uliendelea kupata moto, mwaka baada ya mwaka, na watu wa juu wakaanza kusema waziwazi kwamba wafu wa Bondeni wananyonya umeme.

"Wezi," alisema Mwakio, kana kwamba anamsaidia kulitamka neno. "Baraza limeamua. Leo saa sita mchana nakata njia ile. Jua likishawalainisha, nitapeleka askari wachache wakamalizie. Ila wazee wa Baraza wanataka hesabu kwanza. Mashine ya mtandao ina tarakimu yake, mhandisi mkuu, Dokta Mukhwana, ana yake, na hazifanani. Mimi nataka moja. Wanavuta kiasi gani? Nimeambiwa unaweza kujua bila kukanyaga Bondeni."

"Naweza."

"Na nimeambiwa huna huruma nao."

"Mume wangu alifia wodi ya wanaume, afande. Siku ya giza."

Mwakio alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kuonyesha kwamba jibu limemtosha. Alipotoka, mlango ulijibamiza nyuma yake na hewa ya moto kutoka korido ikaingia chumbani.

Hakuna mtu wa Ukingo aliyehitaji kuelezwa siku ya giza. Mji ule ulijengwa juu ya mwamba, kando ya uwanda wa chumvi, na mchana joto la nje lilitosha kumuua mtu mzima kabla hajamaliza kuvuka barabara. Watu waliishi kwa mitambo ya baridi. Siku ile umeme ulishuka ghafla mchana, na mitambo ya hospitali ikazima. Ebei, mume wa Nakiru, alikuwa amelazwa kwa mguu uliovunjika tu. Nakiru alifika wodini wakati baridi imesharudi, akamkuta mumewe amelala chali, mdomo wazi, ngozi kavu kama karatasi. Baraza likatangaza kwamba Bondeni walikuwa wamevuta umeme kupita kiasi. Tangu hapo chuki ndiyo iliyokuwa ikimwamsha Nakiru asubuhi na kumpeleka kazini.

Kwa hiyo alivuta kiti kwa hamu, akachukua kalamu ya nta na kuanza kuchora juu ya kioo cha meza.

Alichora mji kama watu wa umeme wanavyouona. Hakuchora nyumba wala barabara. Alichora njia tu, kila moja ikiondoka mahali na kuzunguka mpaka irudi palepale. Mtandao wa Ukingo ulikuwa na vitanzi vitatu. Kitanzi cha Hospitali kilipakana na kitanzi cha Soko, na kati yao palikuwa na waya mmoja ulioshirikiwa na vyote viwili. Soko nacho kilishirikiana waya na kitanzi cha Bondeni. Njia ya ukingo, ile iliyopanda ukuta na kushuka, ilikuwa ya Bondeni peke yake.

Akakipa kila kitanzi mkondo wake na kuuzungusha upande ambao mishale ya saa huzungukia. Halafu akatembea na kalamu ndani ya kitanzi cha Hospitali, waya kwa waya. Betri kuu iliinua volteji, akaijumlisha. Mitambo ya baridi, taa na ukinzani wa nyaya zenyewe viliishusha, akavitoa. Aliporudi alipoanzia, jumla ilipaswa kuwa sifuri. Kwenye ule waya wa kushirikiana, mikondo miwili ilikutana ikipishana, basi mkondo wa kweli ukawa tofauti yake. Akafanya vivyo hivyo kwa Soko. Mlinganyo wa Bondeni hakuuandika, maana hakujua huko ndani mna nini. Lakini hakuuhitaji. Mkondo wa kitanzi kile ndio ule uliopita kwenye njia ya ukingo, na njia ya ukingo ilikuwa na kipimo.

Akauingiza mkondo wa Bondeni kama mkondo unaovutwa, unaotoka mjini kwenda chini. Ilibaki milinganyo miwili na mikondo miwili isiyojulikana. Akaitatua. Kisha, kwa kujihakikishia, akakokotoa mkondo uliopaswa kuwa kwenye waya ulio kati ya Hospitali na Soko, akatazama kipimo cha waya huo ukutani.

Havikukaribiana hata kidogo.

Alifuta, akarudia. Jibu likawa lilelile. Ukinzani wa nyaya zile alikuwa ameupima kwa mikono yake, hivyo hapo hapakuwa na shaka. Aligeukia mashine ya mtandao na kuangalia ilivyokuwa ikishughulika na tofauti hiyo miaka yote. Mashine haikushughulika nayo. Kila ambacho hesabu yake ilishindwa kukieleza, ilikisukuma kwenye sehemu moja, na sehemu hiyo aliyeiunda aliipa jina: WIZI.

Nakiru alisimama mbele ya vipimo vya ukutani. Vilikuwa vya zamani, vya aina inayopima joto la waya. Joto la waya humwambia mtu mkondo ni mkubwa kiasi gani. Halimwambii mkondo unaelekea wapi. Waya hupata moto uleule, mkondo uende kulia au uende kushoto.

Alirudi mezani. Mbele ya mkondo wa Bondeni akaweka alama ya kutoa, akatatua upya. Safari hii jibu la waya wa Hospitali na Soko lililingana na kipimo kama vile limenakiliwa kutoka kwenye kipimo chenyewe.

Alikaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua alama ile ina maana gani. Ukidhani mkondo unaenda huku, na hesabu ikakupa hasi, basi hujakosea hesabu. Mkondo unaenda kule. Bondeni hawakuwa wakivuta umeme. Walikuwa wakiusukuma kuingia mjini.

Palikuwa na jambo moja zaidi la kukokotoa, na hakulitaka. Aliufanya mkondo wa Bondeni kuwa sifuri, kama ambavyo ungekuwa njia ya ukingo ikikatwa, akatatua tena. Mkondo wa Hospitali ulishuka chini ya kiwango kinachohitajika ili mitambo ya baridi isizime. Tarakimu iliyobaki pale juu ya kioo aliijua kwa moyo. Ndiyo iliyosomwa hadharani walipokuwa wanaeleza umeme ulishuka mpaka wapi siku ile Ebei alipokufa.

Dokta Mukhwana alikuwa ofisini kwake akinywa chai. Nakiru aliufunga mlango, akaegemea hapo.

"Siku ya giza mlikata njia ya ukingo," alisema.

Mukhwana aliweka kikombe chini polepole. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri.

"Yalikuwa majaribio," alisema. "Tulidhani tukiwakata, umeme wetu utaongezeka. Ukashuka. Nilirudisha upesi nilivyoweza."

"Upesi?"

"Swichi ilinasa, Nakiru. Naapa ilinasa."

"Ulikuja matangani. Ulikaa kwenye kiti changu, ukanishika mkono, ukaniambia ni Bondeni."

"Ningesema nini? Baraza lilishatangaza."

"Na leo saa sita mnakata tena, ukijua."

"Nimeagiza wagonjwa wahamishiwe ghala la baridi."

"Wote?"

Mukhwana alitazama kikombe. "Wanaoweza kutembea."

Nakiru aligeuka kushika kitasa. Mukhwana aliinuka haraka hata meza ikasogea.

"Ngoja! Fikiri kwanza. Ukimwambia Mwakio umeme unatoka kule, kweli, hatakata. Lakini hatakaa tu. Kwa ajili ya wezi anatuma askari wachache. Kwa ajili ya mtambo wa umeme atashuka na jeshi zima. Unadhani atamwacha nani hai, ili kesho aje kudai? Hao watu wametuweka hai na hata hatujui majina yao. Ukisema ukweli, unawauza. Usiposema, wagonjwa wetu wanakufa. Huwezi kuwaokoa wote."

"Na wewe unachagua nini?"

"Nyamaza," alisema Mukhwana. "Mpe Mwakio tarakimu yake, ya kuvuta. Tutakata kidogo, baridi itashuka, nitarudisha. Safari hii swichi nimeitia mafuta."

Nakiru alimtazama mpaka Mukhwana akakwepesha macho. Lililomuuma ni kwamba mtu yule, pamoja na uoga wake wote, hakuwa amedanganya kuhusu Mwakio. Alisimama koridoni, kiganja kimebanwa ukutani, akijaribu kuupima uzito wa upande mmoja na mwingine. Wagonjwa wa wodini aliweza kuwaona. Jana yake alikuwa ameenda kumtembelea jirani yake aliyejifungua. Wa Bondeni hakuwaona. Kwa miaka alikuwa amewaombea wafe. Sasa alitakiwa kuwachagulia watakavyokufa, na alitambua kwa aibu kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi kuwaandikia kifo wao kuliko wale aliowafahamu sura.

Kilichomwamulia ni saa ya ukutani. Jua lilikuwa linapanda. Wodini muda ulikuwa umebaki mfupi, na Bondeni huenda ungebaki mrefu kidogo.

Mwakio alipoingia tena chumba cha udhibiti, Nakiru alisimama na kusema kwa sauti iliyowafikia mafundi wote:

"Hawavuti, afande. Wanatupa. Karibu nusu ya umeme wa hospitali unatoka Bondeni. Siku ya giza haikuletwa na wao. Tulikata njia ya ukingo wenyewe, na ndipo watu wetu wakafa. Ukikata leo, watakufa tena."

Fundi mmoja aliachia kalamu ikaanguka. Mwakio hakupandisha sauti.

"Umelogwa au umenunuliwa?"

"Hesabu ipo mezani."

"Mimi ni askari. Nionyeshe kitu ninachoweza kukiona."

Walivaa mavazi ya kuzuia joto na kupanda gari mpaka kibanda cha swichi kilichokuwa chini ya ukuta. Humo ndani nyaya mbili zililala sambamba juu ya vigae vyeupe. Mmoja ulienda kuwasha taa za ukutani, na kila mtu alijua huo unatoka mjini. Wa pili ulikuwa wa njia ya ukingo. Nakiru aliomba dira. Mwakio aliitoa mkandani, ile ya doria, akampa.

"Mkondo ukipita chini ya dira, unausukuma mshale," alieleza. "Ukipita kwa upande huu, mshale unapinda huku. Ukipita kinyume, unapinda kule. Tazama wa taa kwanza."

Aliishikilia dira juu ya waya wa taa. Mshale ulipinda kulia. Akaisogeza juu ya waya wa ukingo. Mshale ulitetemeka, ukazunguka, ukaelekea kushoto, na ulivutwa kwa nguvu zaidi.

Mwakio alimnyang'anya dira, akarudia mwenyewe. Alirudia tena. Halafu akaifunga na kuirudisha mkandani, akautazama ukuta.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "tumelala chini ya mkono wa watu tuliowazika."

"Ndiyo, afande. Kwa hiyo mkono wenyewe tusiukate."

"Sitaukata." Aligeuka. "Nitauchukua. Leo hiihii, saa sita, wakiwa wamejificha jua. Kikosi chote."

"Afande, hawajatufanyia baya lolote."

"Bado. Wewe ungekuwa Bondeni, ungetusamehe? Siku wakiamka na hasira, wanazima swichi na watoto wetu wanakauka vitandani. Unataka niwaachie hiyo swichi kwa sababu ni watu wema? Huwajui. Mimi pia siwajui. Ndiyo maana siwezi kuwaachia." Alivaa kofia yake. "Umefanya kazi nzuri, injinia. Kaa hapahapa, nitakuhitaji utuonyeshe cha kushika na cha kutogusa."

Alimwacha askari mmoja mlangoni na kwenda nje kuita kikosi kwa redio.

Kwenye ukuta wa kibanda, nyuma ya vumbi, palikuwa na simu ya mafundi. Zamani fundi wa juu na fundi wa chini walizungumza kwa simu hiyo kabla ya kugusa waya. Nakiru aliisogelea bila kuwa na uhakika kama ina uhai. Alizungusha mpini wa pembeni mwa simu, akainua mkonga wa kuzungumzia, akasikiliza. Kengele ililia mbali sana. Ikalia. Ikalia.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu.

"Naitwa Nakiru. Mimi ni injinia wa mtandao wa juu."

"Simu hii haijalia tangu mtufungie. Mmeona nini leo, mmekumbuka kwamba tulikuwepo?"

"Dada, nisikilize, sina muda..."

"Mimi Gumato. Sina mdogo wangu huko juu."

"Askari wanashuka saa sita. Wanakuja kuchukua mtambo wenu."

"Nani kawaambia tuna mtambo?"

"Mimi. Nimeuona kwenye hesabu."

"Kwenye hesabu." Mwanamke yule alicheka bila furaha. "Na maiti zetu ulizihesabu? Au hizo hazipiti kwenye waya?"

"Ningenyamaza wangekata njia. Hospitali..."

"Kwa hiyo ulituuza ili wenu wapone, sasa unatupigia ili ulale usingizi. Haya, umeshapiga."

"Kwa nini mnatupa umeme?" Swali lilimtoka lenyewe. "Kama mnatuchukia hivi, kwa nini?"

"Hatuwapi. Tunaumwaga. Mtambo wetu unaendeshwa na mvuke wa ardhini, na kisima chake hakifungiki chote. Tunaweza kuupunguza polepole. Lakini mzigo ukiondoka ghafla, mtambo unakimbia mpaka unapasuka. Ninyi ni mzigo wetu, basi. Wakati fulani mlikata. Mlikata mchana, bila hata kugonga kengele. Mtambo wa kwanza ukapasuka, tukabaki na huu wa akiba. Mwanangu alikuwa zamu."

"Siku hiyohiyo mume wangu alikufa. Hospitali."

"Simjui mumeo," alisema Gumato.

Mkono wenye glovu ulipita juu ya bega la Nakiru na kumpokonya mkonga. Mwakio alikuwa amesimama nyuma yake. Askari wa mlangoni alikuwa amemwita. Alimsukuma Nakiru kando, akauweka mkonga sikioni.

"Huyu ni Kamanda Mwakio. Zungumza na mimi."

Sauti ya Gumato ilisikika kibandani mwote. "Wewe ndiye unayekuja?"

"Ndiye mimi. Mkijisalimisha, hakuna atakayeguswa."

"Mara ya mwisho tuliambiwa hivyohivyo, na ukuta ukajengwa. Sikia, bwana. Mkono wangu uko kwenye swichi. Askari wako wa kwanza akishika ukuta, nakata. Mtambo utapasuka na sisi tutakufa nao. Sisi tulishakufa, mlitangaza wenyewe. Nyinyi jioni hamtaiona."

"Unatisha tu."

"Basi shuka."

Mwakio aliubana mkonga kifuani, akamgeukia Nakiru. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Anaweza?"

"Anaweza, afande."

"Na mji?"

"Hospitali itazima hapohapo. Soko litafuata, maana litabeba mzigo lisiouweza. Mpaka jioni kutakuwa hakuna baridi popote."

Nje, magari ya kikosi yalikuwa yameshafika na injini zilikuwa zinanguruma. Mwakio aliyasikiliza. Mwishowe alitundika mkonga, akatoka mlangoni, akapiga kelele moja. Injini zikazimwa, moja baada ya nyingine.

Aliporudi hakuwa na haraka tena.

"Ungenyamaza," alisema, "sasa hivi mtambo ungekuwa wetu. Hakuna mtu ambaye angekufa upande wetu. Hata mmoja. Unaelewa ulichonivunjia?"

"Upande wetu," alisema Nakiru.

"Ndiyo, upande wetu! Huo ndio ninaolipwa kuulinda, na sioni aibu. Sasa watu wangu wote, na watoto wangu wawili, wanapumua kwa sababu mwanamke mmoja aliyefiwa hajaamua kuinua mkono. Umetuweka hapo wewe." Akawageukia askari. "Fungueni mlango wa ukuta. Mvueni hilo vazi."

"Afande, jua..." alianza askari mmoja.

"Amechagua wa kuwapa habari. Aende akaishi nao."

Mlango ulikuwa umeshikwa na kutu na iliwabidi wausukume kwa bega. Walimtoa Nakiru na gauni lake la kazi tu. Mwanga ulimpiga usoni kama kofi. Mteremko ulikuwa wa mawe meupe, na viatu vyake vilianza kunata kabla hajafika mbali. Nyuma yake mlango ulifungwa. Hakuna aliyemwita, wala aliyemtupia jiwe. Aliufuata waya, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika kwamba kinafika mahali. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Jasho lilikuwa limeacha kumtoka, na alijua maana yake.

Chini kabisa palikuwa na mlango wa chuma uliopachikwa kwenye mwamba. Aligonga. Akagonga kwa ngumi zote mbili. Akakaa chini kwenye kivuli chembamba na kuweka kichwa mlangoni. Ndipo mlango ukafunguka na akaanguka ndani, sakafuni, kwenye baridi.

Mwanamke mrefu, shingo na kidevu vimejaa makovu ya moto, alikuwa amesimama juu yake na kikombe cha maji.

"Nimekuacha nje makusudi," alisema Gumato. "Nilitaka kuona kama watakufuata."

"Hawakunifuata."

"Nimeona. Kunywa kidogokidogo."

Walikuwepo watu wengine nyuma yake, wengi kuliko Nakiru alivyotarajia, wazee na vijana waliozaliwa baada ya ukuta. Hakuna aliyemkaribisha. Mzee mmoja alitema mate chini karibu na mguu wake na kuondoka. Nakiru alipoweza kusimama, Gumato alimwongoza kwenye korido ndefu iliyokuwa ikitetema, mpaka chumba ambacho kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi wa zamani. Katikati mtambo ulinguruma. Mbele yake palikuwa na gurudumu la mvuke, kiti, na simu kama ile ya kibandani.

"Hapa hapakai mtu zaidi ya saa mbili. Joto," alisema Gumato. "Mkiongeza mzigo huko juu, fungua gurudumu. Mkipunguza, funga. Polepole. Ulitaka kujua umeme unatoka wapi, kaa uone."

Nakiru alikaa. Gurudumu liliunguza viganja. Gumato alisimama nyuma yake, mikono kifuani, asimwamini.

Jioni, Nakiru akiwa kwenye zamu yake ya pili, mzigo ulipoanza kupanda, simu ililia. Gumato alimpa ishara apokee.

"Bondeni," alisema Nakiru.

Upande wa pili mtu alikohoa. Alikuwa Mukhwana, akipiga kutoka kibandani. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Mafundi walikuwa wamesambaza habari mji mzima, alisema, watu walikuwa wamejaa nje ya kituo. Wagonjwa walikuwa wamerudishwa wodini na mitambo ya baridi ilikuwa inalemewa. Alikuwa anaomba, kama inawezekana, waongezewe kidogo.

"Ni nani huyo?" aliuliza Gumato.

Nakiru alifunika mkonga. Angeweza kusema ni mtu wa hospitali. Ingekuwa kweli kiasi, na gurudumu lingezungushwa, na wagonjwa wangepata baridi. Alitazama makovu ya shingoni mwa yule mwanamke.

"Ni yule aliyekata njia siku ile," alisema.

Gumato hakusogea. Macho yake yalikwenda kwenye swichi kubwa ya ukutani, yakakaa huko. Nakiru aliendelea kuufunika mkonga. Kisha Gumato aliunyoosha mkono na kuuchukua mkonga.

"Mwanangu aliitwa Boru," alisema. "Litaje."

Pumzi za Mukhwana zilisikika mpaka kwenye kiti cha Nakiru.

"Litaje, au nitundike simu."

"Boru," alisema Mukhwana.

"Na mume wa huyu?"

Mukhwana alianza, akaacha, akaanza tena. Ilipotoka, sauti ilikuwa imekatika katikati. "Ebei. Aliitwa Ebei."

Gumato aliurudisha mkonga mahali pake bila kuaga.

"Fungua," alimwambia Nakiru. "Nusu mzunguko. Usizidishe."

Akatoka, na Nakiru akaanza kulizungusha gurudumu.